Injini ya nitro inayozima tangi likifika nusu

Swali: "Shikamoo fundi. Nina bagi ya nitro ya 1/8, gari dogo la mbio la rimoti, injini ya 3.5 cc, natumia mafuta yenye nitromethani asilimia 25. Asubuhi inakwenda vizuri kabisa. Jua likishapanda, tangi likifika nusu, nikiachia resi injini haishuki. Inabaki juu inapiga kelele sekunde kadhaa, halafu baada ya kona mbili tatu inazima. Nimekaza sindano (skrubu za kuseti mafuta kwenye kabureta), nimelegeza, nimeshusha sailensa (mwendo wa injini bila resi), na plagi nne zimekatika kwa siku mbili. Mwenzangu anasema kompresheni imekwisha, nitafute injini nyingine. Ni kweli? Na nianzie wapi kuiseti?"

Marahaba. Usinunue injini bado, na hiyo bisibisi iweke chini kwanza. Katika maelezo yako yote kuna maneno matatu yaliyonifanya nisome mara mbili: tangi likifika nusu. Injini iliyokwisha kompresheni haijali tangi lina kiasi gani. Inakataa kuwaka ikishapata moto, inakosa nguvu tangu tangi limejaa mpaka linakauka, haibagui. Yako inabagua: mafuta ya nusu ya juu inayakubali, ya nusu ya chini inayakataa. Tatizo la namna hiyo halianzii kwenye pistoni. Linaanzia mahali ambapo hewa inapita isikotakiwa kupita.

Injini hizi hazina pampu ya mafuta. Kinachoyasukuma kutoka tangini ni moshi wenyewe. Kimpira chembamba kinatoka kwenye paipu ya eksozi na kuingia juu ya tangi, kinaleta presha kidogo, na presha hiyo ndiyo inayoyakandamiza mafuta yaende kwenye kabureta. Tangi likiwa limejaa, mafuta yako juu, karibu na usawa wa kabureta, kwa hiyo hata presha ikiwa dhaifu yanafika. Yakishuka, ni lazima yapandishwe, na ile nafasi tupu inayotakiwa kujazwa presha imekuwa kubwa. Kama mfuniko wa tangi unavuja au kimpira kina tundu, upungufu hujitokeza hapo hapo, nusu ya chini. Injini inapata hewa ileile na mafuta machache. Inakwenda kavu. Na kwa kuwa kanuni za IFMAR, shirikisho la kimataifa la mbio za magari ya mfano, za bagi za 1/8 zinataka tangi lisizidi 125 cc, ambalo ni kama dakika 8 hadi 10 za mbio, nusu ya chini ya tangi ni nusu ya mashindano yako.

Kubaki juu ukiachia resi nako ni dalili ya ukavu. Mchanganyiko wenye mafuta machache unaendelea kuzungusha injini kwa kasi hata baada ya kabureta kufunga, mpaka yale mafuta kidogo yaliyobaki yaipoze. Wewe uliposikia inapiga kelele ukashusha skrubu ya sailensa. Wengi hufanya hivyo, na naelewa kwa nini: sauti iko juu, skrubu ya kushusha sauti iko pale, unaishusha. Lakini hukuongeza mafuta hata tone. Umeziba mlango wa hewa tu, na injini ilipotulia baada ya kona ikakosa vyote viwili ikazima.

Jua nalo linatoa ushahidi. Hewa ya asubuhi ni baridi na nzito, kila mvuto una oksijeni nyingi, kwa hiyo unadai mafuta mengi. Hewa ya mchana imetanuka na oksijeni yake imepungua. Sindano ileile uliyoiseti asubuhi, mchana ilitakiwa ikupe mchanganyiko mzito zaidi: moshi mwingi, uvivu, mlio wa kukoroma. Wewe unapata kinyume. Basi si hali ya hewa iliyokugeuka. Kuna kitu kwenye gari kinachoachia kikipata joto, na vitu vyenye tabia hiyo ni vimpira, oringi na sili.

Kabla hatujaenda kwenye beseni la maji la kupimia uvujaji wa tangi, kuna jambo moja nakuomba sana ulishike, kwa sababu nimeona injini nzuri zikifa kwa kutolijua. Oili ya injini hii imo ndani ya mafuta. Hakuna sampu wala pampu ya oili. Beringi, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na pistoni vyote hulainishwa na oili iliyochanganywa na methanoli, basi. Unapokaza sindano kupunguza mafuta, umepunguza na oili. Injini inayozunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika haingoji ufikiri ikikosa oili. Ndiyo maana gari likianza kwenda kavu halirudishwi uwanjani "kujaribu mzunguko mmoja tu".

Sasa, kompresheni, ili tumalize hofu hiyo. Pistoni yako ni ya alumini, slivu (bomba ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake) ni ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu, na hakuna ringi. Slivu imechongwa ikiwa nyembamba kidogo upande wa juu, kwa hiyo injini ikiwa baridi pistoni inakwama inapofika kileleni. Ikipata moto, shaba inatanuka zaidi ya ile alumini na vitu viwili vinapatana. Ondoa kiwashio cha plagi, shika flaiwili, izungushe taratibu kwa kidole gumba injini ikiwa baridi. Ikikaribia juu utaisikia inagoma, kama mlango uliovimba kwa mvua, kisha ukiongeza nguvu inapita. Ukiona inapita kileleni laini kama haina kitu, hapo mwenzako ana hoja. Jaribio la pili ni la injini moto: zima baada ya mizunguko kadhaa, jaribu kuwasha mara moja. Ikiwa haiwaki mpaka uiwekee kitambaa chenye maji kichwani ipoe, pistoni na slivu vimeachana. Kama inawaka moto na baridi, kompresheni ipo, tuendelee.

Anza na tangi. Lichomoe garini, limwage, lisuuze. Ziba mdomo wa kutolea mafuta, chomeka kimpira kirefu kwenye mdomo wa presha, lizamishe kwenye beseni la maji na usukume hewa kwa sirinji kubwa au pampu ndogo ya mkono. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu methanoli ni sumu inayoweza kupofusha mtu aliyeimeza hata kwa kiasi kidogo, na tangi lililotumika haliishi methanoli kwa kusuuzwa mara moja. Tazama ukingo wa mfuniko. Povu moja moja likitoka pale, umeshapata sehemu ya jibu. Oringi ya mfuniko hubonyea na kuwa bapa kwa sababu kila siku inabanwa mahali palepale. Ikitoka ikiwa bapa badala ya mviringo, ibadilishe hata kama bado haijavuja. Tazama na maungio ya plastiki chini ya tangi, hasa kama gari limewahi kutua vibaya.

Kisha vimpira, vyote viwili, cha presha na cha mafuta. Niliwahi kupoteza siku nzima ya mashindano kwa tundu dogo kuliko ncha ya pini. Kimpira cha presha kilikuwa kimepita juu ya ukingo wa chasisi, kikisuguliwa kila gari linapotua kutoka kwenye mruko. Kwa macho kilikuwa kizima kabisa. Nilipokivuta kwa vidole viwili, upande wa chini kikafunguka mdomo mdogo, kama jicho la dagaa, kisha nikikiachia unajifunga. Mpaka nauona nilikuwa nimeshazungusha sindano zote mbili mara nisizoweza kuzihesabu, na nilipofungua injini jioni pini ya krenki ilikuwa imegeuka bluu. Kwa hiyo usivitazame tu. Vivute, vikunje, na miisho yake iliyolegea ikate nusu sentimita kabla ya kurudisha. Kama una filta ya mafuta katikati ya njia, ifungue. Ile oringi yake ndogo nayo huvuta hewa, na hewa ikivutwa pale huoni mafuta yakidondoka popote. Unaona vipovu tu ndani ya kimpira cha mafuta injini ikiwa imetulia.

Tangi na vimpira vikiwa safi, nenda kwenye injini yenyewe. Hewa huibiwa sehemu tatu: chini ya kabureta, kwenye kifuniko cha nyuma, na kwenye beringi ya mbele. Toa chujio, fungua resi yote ili kabureta iwe wazi, uchungulie ndani ya mdomo wake huku unazungusha flaiwili polepole. Utaona dirisha la krenki likifunguka chini. Likiwa wazi kabisa, acha hapo. Usipofanya hivyo utakuwa unasukuma hewa kwenye ukuta na utaamini injini haivuji. Ziba mlango wa eksozi kwa kipande cha mpira, ziba na mdomo wa kuingizia mafuta, paka povu zito la sabuni kwenye maungio yote matatu, kisha sukuma hewa kupitia mdomo wa kabureta. Beringi ya mbele huachia kidogo hata kwenye injini mpya, povu dogo linalokua taratibu lisikutishe. Linalotakiwa kukutisha ni mfululizo wa mapovu, na mapovu yoyote kwenye shingo ya kabureta. Ukimaliza kausha vizuri na tia oili, maji yasilale kwenye beringi.

Shingo ya kabureta ikivuja, itoe, isafishe mpaka isiwe na alama ya mafuta, paka silikoni inayohimili joto kali kwa uzi mwembamba, rudisha, kaza, uache ikauke usiku kucha. Mwembamba nimesema, kwa sababu silikoni iliyozidi hujikunja ndani na kipande kikikatika kinakwenda kwenye krenki. Kifuniko cha nyuma kikazwe kwa kukatisha, skrubu ya kona hii kisha ya kona iliyo mkabala, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho kisha nyingine.

Tukiwa tumeshatoa chujio, nisikilize vizuri hapa. Hakuna kinachoua injini za uwanja wa vumbi kama vumbi lenyewe. Ukavu unaweza kuua injini kwa siku moja, lakini vumbi huiua kimyakimya wiki nzima, na siku utakayojua hakuna cha kurekebisha. Punje ya mchanga ikiingia kati ya pistoni na slivu inafanya kazi ya msasa mara mia tano kwa sekunde. Chujio la sponji lazima lioshwe kila siku ya mbio, likauke, kisha lipakwe oili ya chujio na kukandwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka rangi iwe sawa kila mahali. Sehemu kavu hata ya ukubwa wa ukucha ni mlango ulio wazi. Chini ya sponji, pale linapokutana na shingo, funga kibano cha plastiki. Halafu fanya hivi leo: chukua kitambaa cheupe, kizungushe kwenye kidole, pangusa ndani ya shingo ya kabureta. Kikitoka na mafuta yasiyo na rangi ya udongo, umesalimika. Kikitoka cha kahawia, chujio limekuwa likikudanganya, na nitakuomba ufungue injini kabla ya kuiwasha tena. Chujio lililoziba kwa uchafu, kwa upande wake, hukupa mchanganyiko mzito, si mkavu, kwa hiyo usilitupie lawama ya kuzima kwako.

Klachi nisiichukulie muda. Injini ikiwa imezimwa, kengele ya klachi izunguke huru kwa kidole. Gari likiwa juu ya stendi, injini imetulia, magurudumu yasijaribu kwenda. Klachi inayoburuza huzima injini ukifunga breki, na watu hulaumu sindano ya chini, ile ya mafuta ya resi ndogo, kwa kosa la beringi mbili ndogo.

Plagi zako nne. Natamani hujazitupa. Waya ule mdogo ni wa platini, na platini ikikutana na mvuke wa methanoli inazalisha joto yenyewe. Ndiyo maana ukiondoa kiwashio injini inaendelea. Kwa hiyo plagi huandika kila kilichotokea ndani ya chumba cha kuwakia. Waya uliobaki umejikunja vizuri, rangi ya kijivu hafifu, ni afya. Waya unaong'aa kama mpya huku plagi imelowa ni mafuta mengi. Waya uliopindika, uliosogea upande mmoja au uliokatika ni ukavu, au kichwa cha injini kimekaa chini mno kwa mafuta unayotumia. Kama mtu aliyekuwa nayo kabla yako alitoa shimu moja (pete nyembamba ya chuma) chini ya kichwa ili kupata nguvu, rudisha kama kiwandani. Kadiri nitromethani inavyopanda ndivyo chumba kinavyohitaji nafasi zaidi. Na kama juu ya waya kuna vinundu vidogo vinavyometameta, hiyo ni alumini. Imetoka mahali. Usiwashe tena mpaka umeona imetoka wapi.

Kwa kuwa umekimbiza kavu siku mbili, hata usipoona vinundu, fungua kifuniko cha nyuma. Sogeza pistoni iwe chini, shika mguu wa konrodi kwa koleo ndogo yenye ncha laini, uutikise kuelekea juu na chini. Mchezo mdogo wa upande hadi upande ni wa kawaida. Mchezo wa juu-chini unaousikia kwa kidole si wa kawaida, na konrodi ya namna hiyo ibadilishwe kabla haijakatika na kuchukua krenki na slivu pamoja nayo. Konrodi ni bei ndogo ukilinganisha na injini nzima. Zungusha na krenki peke yake: beringi iliyoota kutu inasikika kama mchanga kati ya meno.

Sasa ndiyo uchukue bisibisi. Zirudishe sindano zote kwenye seti ya kiwandani iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, na si ya rafiki yako. Hata kama ana injini ileile, mafuta yake huenda siyo yako. Methanoli inahitaji hewa kama mara 6.4 ya uzito wake ili iungue yote, lakini nitromethani inahitaji kama mara 1.7 tu, kwa hiyo kila asilimia ya nitro unayoongeza inadai sindano iliyofunguka zaidi. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya unazuia mtu wa kawaida kununua mafuta yenye nitromethani inayozidi asilimia 16 kwa uzito bila leseni. Ukichukua seti ya mtu anayekimbia kwa mafuta hayo na kuiweka kwenye injini inayokunywa 25, umejitengenezea ukavu kabla hujawasha. Kujua seti uliyonayo, funga sindano polepole mpaka iguse, huku unahesabu mizunguko. Iguse tu. Ukiikaza pale mwisho utaiumiza ncha yake, na sindano yenye ncha iliyoumia haisetiki tena.

Mfereji wa ile skrubu uuchukulie kama mshale wa dakika kwenye saa. Usogeze dakika tano kwa mara moja, usizidishe, na baada ya kila hatua endesha mizunguko miwili mitatu kabla ya kuamua. Kuelekea saa inavyozunguka unakausha, kinyume chake unaongeza mafuta. Injini iwe imepata moto wake wa mbio kwanza; injini iliyosetiwa baridi haina maana uwanjani.

Sindano ya juu, ile ya mafuta ya resi kubwa, inatangulia, kwa sababu mafuta yote, hata ya sailensa, yanapita kwake kwanza. Toa gari kwenye kona, resi yote kwenye mnyoofu. Ikiwa nzito, sauti inakoroma, inapiga kama inayosongwa na mate, moshi ni mwingi na gari halifiki sauti yake ya mwisho. Kausha dakika tano. Endelea hivyo mpaka sauti inyooke na ipande bila kukoroma, huku moshi ukibaki uzi unaoonekana nyuma ya gari mnyoofu wote. Hapo simama, kisha rudi nyuma dakika tano uelekeo wa mafuta mengi. Utapoteza kasi kidogo ambayo hakuna atakayeiona ila wewe, na utapata injini inayofika mwisho wa fainali. Ikiwa gari linaondoka kwa nguvu halafu katikati ya mnyoofu linapoa kama mtu aliyeachia resi, na moshi hauonekani, ni kavu. Fungua dakika kumi mara moja, usibishane nalo.

Sindano ya chini ina jaribio lake la kubana. Injini ikiwa moto na imetulia kwenye sailensa, bana kimpira cha mafuta kwa vidole karibu na kabureta, uhesabu. Sauti inatakiwa ipande kidogo, kisha injini izime kati ya sekunde 2 na 4. Ikizima papo hapo, sindano ya chini ni kavu. Ikipanda sana na kuendelea kwa sekunde nyingi, ni nzito. Bana mahali palepale kila mara, la sivyo unalinganisha urefu tofauti wa mafuta. Jaribio la pili: iache itulie sekunde kumi, kisha piga resi yote kwa ghafla. Ikisita huku inamwaga moshi, ni mafuta yaliyojikusanya, kausha kidogo. Ikisita bila moshi na kutaka kuzima, fungua.

Skrubu ya sailensa inakuja mwisho. Chujio likiwa limetolewa na sevo (mota ndogo inayovuta resi) iko katikati, tundu la kabureta libaki wazi kati ya nusu milimita na milimita moja. Pima kwa waya unaoujua unene wake. Ukishapata tundu sahihi na bado injini haitulii, rudi kwenye sindano ya chini, usirudi kwenye skrubu hii. Hapo ndipo ulipopotea mara ya kwanza.

Hukutaja joto la injini. Kipimajoto cha infraredi ni kizuri, kielekeze chini kwenye mzizi wa plagi, si kwenye mapezi ya nje. Injini nyingi za aina yako hufurahia kati ya nyuzi 100 na 120 za Selsiasi. Lakini usisete kwa namba hiyo. Nimeona injini ya nyuzi 105 ikiwa kavu kwa sababu upepo ulikuwa mkali, na ya 118 ikiwa na moshi mzuri na plagi yenye afya. Moshi na sauti vinakwambia leo ikoje. Kipimajoto kinakwambia kama imebadilika tangu mzunguko wa mwisho. Ikipanda nyuzi 10 ndani ya tangi moja bila wewe kugusa kitu, kuna hewa inaingia, rudi kwenye beseni.

Jioni, usiiache na mafuta ndani. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani na usiku mmoja unatosha kuanza kutu kwenye beringi. Mwaga tangi, washa injini iunguze kilichobaki mpaka izime yenyewe, toa plagi, dondosha matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye tundu la plagi na mengine kwenye mdomo wa kabureta, izungushe, kisha acha pistoni ikiwa chini, isilale imebanwa kileleni. Chupa ya mafuta ifungwe mara tu unapomaliza kumimina, iwekwe kivulini. Na pale piti, mahali pa kujazia mafuta, kumbuka moto wa methanoli karibu hauonekani mchana: ukihisi joto mkononi bila kuona kitu, usisubiri kuona.

Fanya jaribio la beseni kwanza, kabla ya yote. Kisha niandikie mapovu yametokea wapi, waya wa ile plagi ya mwisho umekaaje, na ukibana kimpira inachukua sekunde ngapi kuzima. Kwa hayo matatu nitakwambia kama unahitaji oringi ya mfuniko tu au tufungue zaidi.